Likizo Huanzia Njiani



Wapendwa waamini, kila msimu wa likizo unapokaribia, familia kadhaa za parokia yetu hufika ofisini kuomba baraka ya safari. Wengi huenda kwa basi hadi Songea, Bukoba au Moshi. Wachache hupanda ndege, wengine hata kuvuka mipaka ya nchi. Ninapowauliza habari za safari yenyewe, jibu huwa karibu lile lile: "Padre, tuombee tufike salama. Tukishafika, ndipo tutapumzika." Ni ombi jema, nami husali pamoja nao kwa moyo wote. Lakini juma hili napenda kulipinga lile neno la mwisho, kwamba pumziko huanza baada ya kufika. Nalipinga kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuliamini, na imani hiyo ikanifanya nimkosee mama yangu mzazi.

Sheria ya Kanisa humruhusu paroko kuwa mbali na parokia yake kwa ajili ya likizo kwa muda usiozidi mwezi mmoja kila mwaka (Kanuni 533). Mwezi Julai 2024 nilitumia wiki mbili za muda huo kusafiri na familia yetu. Dada yetu mdogo, ambaye ni muuguzi nchini Ujerumani, karibu na jiji la Frankfurt, alikuwa amedunduliza fedha akatukatia tiketi. Tulikuwa watu saba: Mama, mwenye umri wa miaka 76, ambaye hakuwa amepata kupanda ndege, mdogo wangu na mke wake, watoto wao watatu, nami.

Tiketi za bei nafuu hudai malipo yake kwa njia nyingine. Tuliondoka nyumbani usiku wa manane, tukaruka kutoka Dar es Salaam alfajiri, tukakaa angani karibu saa tatu hadi Addis Ababa. Huko tulipaswa kungoja mchana kutwa mpaka karibu saa sita usiku, kisha kuruka tena zaidi ya saa saba hadi Frankfurt. Tangu tulipofunga mlango wa nyumba hadi tulipomkumbatia dada yetu, zilipita saa thelathini na zaidi.

Kosa langu lilitendeka mapema kabisa, mahali pa ukaguzi, kabla hatujaondoka Dar es Salaam. Kama wengi wenu mjuavyo, kanuni iliyoenea katika viwanja vingi vya ndege tangu mwaka 2006 hairuhusu abiria kubeba mkononi chupa ya kimiminika yenye ujazo unaozidi mililita 100. Ndani ya kikapu cha Mama, kikiwa kimeviringishwa katika khanga, kilionekana chupa cha nusu lita ya asali. Ilikuwa asali ya kwetu Ruvuma, aliyomtunzia binti yake tangu msimu uliopita. Mkaguzi alimweleza kwa upole kwamba haiwezi kupita. Mimi ndimi niliyekosa upole. Nilisema kwa sauti, mbele ya wageni na wajukuu zake: "Mama, si nilikwambia vitu vya majimaji viwekwe katika sanduku kubwa? Unatuchelewesha sote!"

Hakunijibu. Alikitoa kile chupa mwenyewe, akakiweka juu ya meza kwa mikono miwili, kama mtu atoaye vipaji, kisha akaikunja khanga yake polepole.

Wapendwa, hatukuwa tumechelewa. Abiria walikuwa bado hawajaanza kuitwa. Niliharakishwa na nini, basi? Mwili wangu ulikuwa Dar es Salaam, lakini moyo wangu ulikwisha kufika Frankfurt, na kila aliyesimama kati yangu na Frankfurt nilimwona kuwa kizuizi, hata yule aliyenizaa. Hapo ndipo penye hatari ya kuamini kwamba likizo iko mbele tu. Siku ya safari tunaifanya kuwa kama ushuru, jambo la kulipwa haraka na kusahauliwa. Na wale tunaosafiri nao tunawageuza kuwa mizigo ya kusogezwa.

Tulifika Addis Ababa asubuhi. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai ni wakati wao wa mvua. Mama alijifunika khanga ile ile, akatoa rozari, akanyamaza. Mdogo wangu alikuwa akihesabu gharama za chakula. Watoto wawili wakubwa walizama katika simu zao. Tulikuwa familia moja katika safu moja ya viti, lakini kila mmoja alikuwa safarini peke yake.

Aliyetufungua ni mtoto wa pili, wa miaka 11. Alikwenda na mama yake kununua maji, akarudi akishangaa: muuzaji amemwambia kwamba Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko, hivyo saa iliyoandikwa 12 ukutani, kwao ni saa sita mchana. Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam. "Kumbe ni ndugu zetu hawa," akasema. "Basi kama ni saa sita, mbona hatujasali Malaika wa Bwana?" Tukasali pale pale, kwa sauti ya chini, na simu zikawekwa mifukoni.

Baada ya sala, yule mdogo wa miaka 6 akamuuliza bibi yake kama amechoka kungoja. Ndipo Mama akasimulia jambo ambalo mimi, mwanawe wa kwanza, sikuwa nimelisikia hata siku moja. Katika utoto wake, baba yake aliondoka Ungoni kwenda kukata mkonge Tanga, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu walioitwa manamba. Safari ile haikuwa na tarehe ya kurudi wala simu. Kila jioni bibi yetu alimshika Mama mkono, wakaenda hadi njia panda kutazama barabara, kisha wakarudi nyumbani wakiimba ili wasilie. "Tulingoja misimu miwili ya mahindi," akasema. "Mimi mama yangu nilimjua vizuri njiani kule, kuliko nyumbani. Nyumbani alikuwa na kazi nyingi."

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwomba radhi kwa habari ya asali. Akanigusa kichwani, akasema, "Padre, inuka, watu wanatazama." Tuliongea mpaka ndege yetu ilipoitwa.

Tulipofika kwa dada, furaha ilikuwa kubwa, lakini mlikwisha kukisia yaliyofuata. Yeye alikuwa na zamu zake za hospitali. Wageni walikuja kila siku. Watoto walitaka kutembezwa. Mimi niliombwa kuadhimisha Misa hapa na pale. Wiki mbili zikapita mbio. Ule mchana wa Addis Ababa, ambao sote tuliuogopa tulipoziona tiketi, ndio pekee tuliokaa watu saba pamoja bila la kufanya.

Niliporudi niliisoma upya Injili ya Marko sura ya 6, aya ya 30 hadi 34. Mitume wamerudi kutoka utumeni wakiwa wamechoka, hata nafasi ya kula hawana. Bwana anawaalika waende naye faraghani wapumzike kidogo. Wanapanda chombo. Lakini umati unakimbia kwa miguu na kuwatangulia, na Yesu anaposhuka anawakuta watu wengi, anawahurumia, anaanza kuwafundisha. Nimeihubiri Injili hiyo mara nyingi nikisema kwamba mitume waliikosa likizo yao. Sasa sioni hivyo. Pumziko waliloahidiwa walilipata: lilikuwa ndani ya chombo, kati ya pwani moja na nyingine, wakiwa pamoja na Bwana. Aliyengojea kupumzika baada ya kufika ndiye aliyelikosa.

Najua baadhi yenu mtasema: "Padre, wewe huna mtoto mchanga wa kubembeleza angani usiku kucha." Ni kweli, na simwambii mama mwenye mtoto anayelia kwamba yuko mapumzikoni. Lakini hata chombo cha mitume hakikujiendesha. Walikuwamo waliofanya kazi ili wengine wapumzike. Basi na tupokezane. Baba ambebe mtoto ili mama asinzie. Kijana amsukumie bibi mzigo wake. Pumziko la familia si kukosa kazi. Ni kubebeana kazi.

Kwa hiyo, kwa wote watakaosafiri, kwa ndege au kwa basi, naomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kufunga mizigo, kaeni na wazee na watoto mwaeleze yatakayotokea njiani, kwa uvumilivu na zaidi ya mara moja. Laiti ningefanya hivyo, asali ile ingefika. Pili, wekeni saa moja ya safari ambayo simu zote zitafungwa, na mzee wa msafara apewe nafasi ya kusimulia. Tatu, safari ikiangukia Dominika, msiiache Dominika nyumbani: Misa ya Jumamosi jioni hutimiza wajibu huo, na pale ambapo kwa sababu nzito Misa haiwezekani, Kanisa linahimiza sana familia itenge muda wa kufaa kwa sala (Kanuni 1248).

Namaliza na jambo moja. Mwaka 1920 Papa Benedikto XV aliwapa warushaji wa ndege msimamizi wao: Bikira Maria wa Loreto, ambaye tangu mwaka 2019, kwa uamuzi wa Papa Fransisko, anakumbukwa katika kalenda ya Kanisa lote tarehe 10 Desemba. Huko Loreto, Italia, inaheshimiwa nyumba ya Familia Takatifu, ambayo mapokeo yanasimulia kwamba malaika waliibeba angani kutoka Nazareti. Mimi huona fundisho hapo. Kilichopita angani, kadiri ya mapokeo hayo, ni nyumba. Basi nanyi msafiripo, msiifunge nyumba yenu kwa kufuli mkaondoka bila hiyo. Upole wake, sala zake na heshima kwa wazee wake viingie pamoja nanyi katika chombo.

Bikira Maria wa Loreto, utuombee.

Nawatakieni Dominika njema na safari yenye amani.

Paroko wenu