Tusimpakazie Mungu: rafiki yangu aliuawa na maji



Kwetu Goma, mtoto akifa, matanga haiishe bila kusikia neno hili: «Ni Mungu njo alipenda.» Wakubwa wanalisema ili kumtuliza mama, na hatuwakatazi. Kumfariji aliyefiwa ni kazi nzuri. Lakini neno lile limekuwa kama kifuniko cha sufuria. Likishasemwa, hakuna mtu anauliza tena mtoto alikufa juu ya nini.

Mimi nataka kuuliza juu ya mmoja tu.

Tulikaa naye kiti kimoja tangu mwaka wa kwanza wa primaire hadi wa tano. Jina lake sitaliandika hapa, familia yake ina haki ya kulia bila kelele. Alikuwa binti mwembamba, mwenye maandishi mazuri kutupita sisi wote, na hesabu ilikuwa chakula chake. Siku moja mwalimu aliandika kwenye ubao ile hesabu ambayo kila mtu aliyesoma Congo anaijua: robine inatoa litre kadhaa kwa dakika, je, basini itajaa kwa muda gani? Yeye akanyoosha kidole: «Mwalimu, robine iyo iko wapi, tuende kuchota?» Tulicheka wote, hata mwalimu. Kisha akatoa jibu, na lilikuwa la kweli.

Kwao robine haikuwako. Kila asubuhi, kabla ya masomo, alitoka upande wa Ndosho akashuka Kituku na bidoni ya manjano, akachota maji ziwani, akapanda nayo mgongoni. Akichelewa shuleni, alipigishwa magoti pamoja na wale waliochelewa juu ya kulala. Kwenye kitabu cha mwalimu waliandika «amechelewa». Maji hayakuandikwa.

Mwaka ule wa tano alianza kuhara na kutapika usiku. Asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Jioni hakuwa naye tena duniani. Ilikuwa kolera.

Sasa tuseme wazi kitu kimoja. Kolera si ugonjwa wa siri. Inaingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na mavi ya mgonjwa. Inaua kwa masaa machache kwa sababu inamaliza maji mwilini. Dawa yake ya kwanza ni maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na serumu kwa yule aliyezidiwa. Mgonjwa akifikishwa mapema na kutunzwa vizuri, karibu wote wanapona. Kwa hiyo mtoto akikufa kolera mwaka huu, kuna mtu mahali fulani hakufanya kazi yake.

Na hapa Goma hakuna mwenye kusema hakujua. Julai 1994, wakimbizi toka Rwanda walikufa kwa makumi ya maelfu ndani ya majuma machache, kolera ikiwa mbele. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, kuchimba kisima ni shida, mto haupiti katikati. Maji yetu yanatoka ziwani, na ziwa lenyewe ni kubwa, kina chake kinapita mita 450. Hatukosi maji. Tunakosa mashini za kuyavuta, matiyo ya kuyafikisha Ndosho, Majengo na Mugunga, na umeme usiokatika. Mwaka 2021 volkano iliharibu matiyo na tanki. Januari 2025 vita ilipofika ndani ya mji, robine zilikauka, na watu wakarudi ziwani na mabidoni. Watoto walikuwa mbele, kama kawaida.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi ni ya kila raia. Haikusema «raia wa Himbi tu».

Basi tunaomba vitu vitatu.

Kwanza, kila mmoja wetu amkumbuke mwenzake wa darasa aliyekwenda, na aulize alikufa juu ya nini. Kama ni maji, aseme ni maji. Kama ni risasi, aseme ni risasi. Tukilia bila kuuliza, mwaka ujao tutalia tena pale pale.

Pili, tusingoje. Mahali mnapochota, hakikisheni kuna klorini kwenye bidoni. Mtu akianza kuhara kama maji, mumpeleke siku ile ile, msianze na dawa za jirani.

Tatu, yeyote anayeshika mji huu na kupokea kodi zetu, awe nani, anatudai kodi na sisi tunamdai maji. Hatutachoka kumwambia. Tutaenda kwa amani, mikono mitupu, bidoni tupu kichwani, mpaka aelewe.

Rafiki yangu angekuwa leo amemaliza unive, pengine mwalimu wa hesabu. Lile swali lake tulilicheka, na mpaka leo halijapata jibu: robine iyo iko wapi?