Nyani Ndani ya Mashine ya MRI: Jibu kwa Mama Mmoja

Mama mmoja aliyekuwa amesubiri kipimo cha MRI kwa wiki kadhaa alisikia kwamba wako watafiti wanaowalaza wanyama katika mashine hiyo ili kuchunguza viungo vyao vya uzazi. Akaniuliza: "Daktari, na nyani naye ana kadi ya kliniki?" Tulicheka sote chumbani, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nalijibu hapa kwa kirefu kuliko nilivyoweza siku ile.

Kwa karne nyingi elimu ya maumbile ya uzazi ilitegemea kisu. Kiungo kilichokatwa, hata hivyo, kimekwisha kupoteza damu yake, mikazo yake na mahali pake mwilini. MRI husoma chembe za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili, kwa kutumia mawimbi ya redio na usumaku mkubwa. Mashine ya tesla 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida hospitalini, ina nguvu takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia. Haitumii eksirei.

Mwaka 1983 ilielezwa kwamba katika picha hizo ukuta wa mfuko wa uzazi wa mwanamke huonyesha matabaka matatu: utando wa ndani unaong'aa, misuli ya nje yenye rangi ya kijivu, na kati yao ukanda mweusi. Mpasuaji anayeushika mfuko huohuo mkononi hauoni mpaka wa ukanda huo kwa macho. Ukanda ukifikia unene wa milimita 12 au zaidi, twashuku adenomayosisi, yaani tishu ya utando wa ndani kuota ndani ya misuli. Mama niliyemtaja alipopimwa hatimaye, wake ulikuwa milimita 16. Kwa miaka minane alikuwa ameambiwa kwamba maumivu yake ni hedhi tu.

Sasa, mnyama anaingiaje? Panya wa nyumbani hapati hedhi, na mfuko wake wa uzazi una pembe mbili. Nyani jike ana mfuko mmoja unaofanana na wa mwanamke, hupata hedhi, na mzunguko wake huchukua siku 33 hivi. Tena uvimbe wa makalio yake humwonyesha mtafiti amefika wapi katika mzunguko, bila hata kuchukua tone la damu. Nyani pia huugua endometriosisi pasipo kusababishiwa na mtu. Kwa sababu hiyo, taasisi ya utafiti wa wanyama wa jamii hiyo iliyoko Karen, Nairobi, imekuwa mahali muhimu pa kuuchunguza ugonjwa huo, hasa kwa laparoskopia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba endometriosisi huwapata wanawake na wasichana milioni 190 hivi walio katika umri wa kuzaa. Faida ya picha ni kwamba mnyama mmoja aweza kufuatiliwa mwezi baada ya mwezi, badala ya kuua mmoja katika kila hatua ya ugonjwa. Kwangu mimi hoja hiyo pekee yatosha.

Hata hivyo, sipendi MRI isifiwe kupita kiasi. Mnyama lazima apewe dawa ya usingizi, maana akitikisika picha huharibika, na dawa hiyo ina hatari zake. Isitoshe, vidonda vidogo vya endometriosisi vilivyotapakaa juu ya utando wa tumbo mara nyingi havionekani katika picha, ilhali laparoskopia huviona. Naomba wenzangu wa zahanati na vituo vya afya walishike hili: majibu safi ya MRI hayamaanishi kwamba mgonjwa hana endometriosisi. Asirudishwe nyumbani kwa karatasi hiyo peke yake.

Kuhusu foleni, msimamo wangu ni kwamba mnyama asichukue nafasi ya mgonjwa hata mara moja. Lakini mashine nyingi hukaa kimya usiku, na si lazima kuanza na mnyama aliye hai. Viungo vya nyani aliyekufa kwa sababu nyingine, vikihifadhiwa vizuri na kufungwa visivuje, vyaweza kupigwa picha kwa saa nyingi mfululizo. Havipumui wala havitikisiki, hivyo picha zake huwa kali kuliko za mgonjwa yeyote. Kasoro ni kwamba formalini hubadilisha mng'ao wa tishu, kwa hiyo tusizisome kana kwamba ni za kiungo kilicho hai. Mahitaji ni fundi wa zamu, daktari wa mifugo na kibali cha kamati ya maadili. Baada ya picha, kiungo kipelekwe kwa mpasuaji, naye akate mahali palepale penye ukanda mweusi.