Siasa Haikumharibu Steve Earle

Wapenzi wa kantri ya zamani wana lawama yao kwa Steve Earle: kijana aliyekulia Texas, ambaye albamu yake ya Guitar Town ilishika nafasi ya kwanza katika chati za kantri Marekani mwaka 1986, eti alijiharibia kwa kujitia kwenye siasa. Wanasahau kwamba mambo yalianza kumwendea kombo mapema zaidi. Alishaingiza roki kwenye nyimbo zake, na dawa za kulevya zikamfikisha jela mwaka 1994.

Siasa yenyewe, hasa ya kupinga adhabu ya kifo, hakuiokota jukwaani. Kwa miaka mingi aliandikiana barua na Jonathan Nobles, aliyehukumiwa kifo kwa kuwaua wanawake wawili. Nobles alipouawa kwa sindano ya sumu huko Texas mwaka 1998, Earle alikuwa miongoni mwa mashahidi, kwa mwaliko wa mfungwa mwenyewe. Ndipo akamtungia wimbo.

Kelele kubwa zilikuja 2002, kwa wimbo wa “John Walker's Blues”. Humo Earle anavaa nafsi ya John Walker Lindh, Mmarekani wa miaka 20 aliyekamatwa Afghanistan akiwa na Taliban. Kiitikio kina shahada; Mwislamu wa Mombasa ataitambua mara moja, japo ulimi ni wa Texas kabisa. Gazeti la New York Post lilimshukia kabla albamu yenye wimbo huo haijaingia sokoni. Earle alijibu kwamba ana mtoto wa kiume wa rika lilelile. Mimi namwelewa: kusimulia yaliyo moyoni mwa mtu si kumtetea.

Albamu ya 2004, The Revolution Starts Now, hainisisimui hivyo. Ilitoka karibu na uchaguzi wa rais, ikapata Grammy, na Rais Bush, ambaye Earle alimpinga, akashinda vilevile. Nyimbo zake nyingi zinawahutubia watu ambao tayari wanakubaliana naye.

Kisha ikaja Ghosts of West Virginia, 2020, kuhusu mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe wa Upper Big Branch mwaka 2010. Safari hii alisema wazi kwamba anataka kuzungumza na watu wasiopiga kura kama yeye. Katika wimbo mmoja anayataja majina ya wachimbaji wote 29 waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Anayetaka kumhukumu Earle na siasa zake aanzie hapo, si 2004.