MAUMIVU YASIYO NA JINA

Tarehe 27 Januari, 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji kisiwani Pemba na Unguja. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na Wapemba wapatao 2,000 wakavuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Wengi wao walirejea baadaye, nasi tukadhani kwamba yamekwisha.

Ndugu wananchi, twaonelea kuwa dhana hiyo ni kosa. Waganga wa maradhi ya akili wamethibitisha kuwa mtu aliyepatwa na kitisho kikubwa huweza kushindwa kutambua hisia zake mwenyewe. Mwulize kama ana huzuni au hofu, atajibu, "Sijui." Atakalokueleza ni kuwa kichwa chamgonga, moyo wamwenda mbio, na usiku hapati usingizi. Hupewa vidonge vya kichwa, akarudi wiki ijayo na maumivu yale yale, hata akaitwa mvivu kazini.

Nasi tumeuzidisha mzigo wake kwa kumfunza mwanamume kwamba kulia ni aibu.

Basi twawasihi wafanyakazi wa vituo vya afya na viongozi wa matawi: msiishie kuuliza kichwa chauma wapi. Ulizeni kilianza kuuma siku gani, na siku hiyo kulitokea nini. Akisema hajui, msimharakishe.

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini mwenzetu huyu hafichi neno. Hajui jina la kinachomwuma. Kumsaidia kulipata jina hilo ni wajibu wetu sote.