KELELE KWENDA CHINI, MAFUMBO KWENDA JUU



Wakubwa wa mashamba ya chai hupenda kusema kwamba watu wa huku Kericho na Bomet hawasemi wazi. Ati ukimwuliza mchumaji ana shida gani, hujibu "hakuna," na kesho kutwa mgomo. Nami nauliza: ni nani aliyemfundisha kunyamaza?

Tazameni desturi ilivyo. Kosa la mfanyakazi husemwa kwa kelele. Mama mtu mzima akichanganya majani makomavu, nyapara humkemea penye mzani kama mtoto, na huenda mkwewe yupo anasikia. Lakini kosa la mkubwa halisemwi hivyo. Mchumaji akiona kilo zake zimepunguzwa, husema kwa upole, "Bwana, mzani wa leo umechoka." Wenzake wote wameelewa: tumeibiwa. Mkubwa husikia habari ya mzani tu, au hujifanya.

Fumbo si ujinga. Ni adabu, tena ni ngao ya mtu ambaye kibarua chake kimo mikononi mwa yule anayemlalamikia. Lakini ngao peke yake haimalizi vita. Februari 2023 BBC ilionyesha filamu juu ya mashamba ya huku, yaliyoendeshwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walieleza kwamba wakubwa wao wa kazi waliwanyanyasa kingono. Kwa kuwa kazi ni haba, wengi walisema hawakuona njia nyingine. Mama hao hawakukosa ulimi. Walikosa mahali pa kusemea bila kupoteza unga wa watoto.

Sisi wa reli twajua jambo hili. Bendera nyekundu haina fumbo. Humsimamisha dereva hata awe mkubwa namna gani. Lakini mwenye bendera huipunga kwa sababu kanuni inamlinda. Mwondolee kanuni, uone kama ataipunga.

Basi anayetaka maneno wazi na aanze yeye asiye na hasara. Mkubwa amwite mfanyakazi kando, amwambie kosa ni lipi, la siku gani, na kazi ifanywe vipi. Misheni tulifundishwa kwamba ndugu akikosa, humwendea kwanza mkiwa wawili tu. Je, shambani hakuna ndugu?

Na likifika jambo la kufukuzwa kwa kosa au kwa kazi mbaya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yataka mwajiri aeleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaifahamu, na mfanyakazi awe na mwenzake au mjumbe wa chama anayemchagua, nao wasikilizwe kabla ya uamuzi. Kelele si lugha, ndugu zangu.

Nasi tuna wajibu. Mjumbe wa chama asilibebe fumbo likiwa fumbo mpaka ofisini. Mama akisema mzani umechoka, mjumbe aandike: mzani upi, tarehe gani, kilo ngapi, wangapi wamepunjwa; kisha aseme wazi kwa jina la chama, si kwa jina la mama yule. Na wajumbe wanawake wachaguliwe, maana yako mambo ambayo mama hatamwambia mwanamume hata kwa fumbo.

Anayesema peke yake hufukuzwa. Tukisema pamoja, watamfukuza nani?

Umoja ni Nguvu.

Mfanyakazi wa Reli