Kifungu cha 45 Kisomwe Hadi Mwisho

Katika misikiti na makanisa ya Isiolo, kuna jambo moja lisilo na mabishano: ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Shehe na padri, ambao kwa mengi kila mmoja ana njia yake, hapa husema kauli moja. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika waliishikilia Januari 2024, walipokataa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja hata baada ya Vatican kufungua mlango mwezi uliotangulia. Kufundisha hivyo ni haki yao. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinawalinda, na hatuna nia ya kuwaandikia hotuba.

Serikali, kwa upande wake, haina dini. Kazi yake katika ndoa ni kuandikisha kwa mujibu wa sheria na kulinda watu. Sheria yenyewe haina utata: Kifungu cha 45(2) kinampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari yao wote wawili. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 24 Februari 2023, ambao bado unapigiwa kelele, ulihusu haki ya wapenzi wa jinsia moja kusajili shirika. Haukugusa ndoa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ngono “kinyume cha maumbile” kwa kifungo cha hadi miaka 14, nacho kingali palepale. Anayewatisha waumini kwamba ndoa za jinsia moja ziko mlangoni pa msajili ama hajausoma uamuzi huo, ama anawadanganya.

Lawama yetu inaanzia hapo. Sentensi ya Kifungu cha 45(2) ina masharti matatu: utu uzima, jinsia tofauti, hiari. Viongozi wetu wamelikeshea lile la katikati, ambalo hakuna awezaye kulivunja mbele ya msajili, wakayaacha mawili ya pembeni bila mlinzi.

Kila mtu hapa anajua mambo yanavyokwenda. Shule zinafungwa, msichana wa Gredi ya Saba anapelekwa malishoni eti kumsalimu nyanya yake. Januari dawati la watoto wawili lina mmoja. Mwalimu anaita jina, wenzake wanainamisha vichwa. Mahari imeshatoka: mitamba, ngamia, nyingine kwa simu. Mzee wa kijiji alikunywa chai siku hiyo. Chifu alisikia, akakohoa, akaendelea na baraza lake kuhusu maadili.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema amwoaye aliye chini ya miaka 18 afungwe hadi miaka mitano, au atozwe faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Wapo wanaojibu kwamba Waislamu wana nafasi yao katika sheria hiyo. Mahakama ya Kadhi ina nafasi yake, naam. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022, inayokataza ndoa za utotoni, haikuuliza dini ya mtoto.

Na katika lile sharti la katikati, polisi nao wasijifiche nyuma ya mimbari. Februari 2010, kule Mtwapa, ulizuka uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Harusi yenyewe haikuwepo, lakini umati ulizingira kituo cha afya na watu wakapigwa. Sheria hutekelezwa kwa hati ya mashtaka na hakimu. Mwenye rungu barabarani ni mhalifu, hata awe ametoka kusali. Afisa anayeangalia pembeni kwa sababu anayepigwa hampendezi amevunja kiapo chake.

Kwa hiyo, kuhusu wasichana wanaoozwa, tunadai kitu kinachohesabika. Shule zikifunguliwa, walimu wakuu wa Isiolo wapeleke kwa naibu kamishna wa kaunti majina ya wasichana wasiorudi. Kila jina lijibiwe na chifu wa eneo hilo kwa maandishi na sahihi yake: yuko wapi, yuko na nani, na nani alipokea mahari.