Staa Aliyezamia Marekani, Promota Analaumiwa kwa Lipi?

Staa mmoja wa Bongo Fleva kanyimwa viza ya Marekani, shoo imeota mbawa, na mashabiki wanamshushia promota lawama. Kakosa nini? Jamaa mwenyewe aliwahi kuzamia kule zaidi ya mwaka. Sheria yao iko wazi: ukipitiliza muda wako kwa zaidi ya siku 180 halafu ukaondoka, unafungiwa miaka 3, ukifikisha mwaka, miaka 10. Kubadili pasipoti hakusaidii, alama za vidole ni zile zile. Ukidanganya kwenye fomu, unaweza kufungiwa maisha. Bora aseme ukweli, aombe msamaha kisheria, asubiri. Wanaoumia ni madansa wake waliotegemea safari hiyo walipe kodi ya nyumba. Hao nani atawaomba radhi?